Kegi ya Coleta

Baltazari, fundi wa kuchomelea wa pale Majengo, hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi ikiisha alifuta mikono kwa tambara, akatoa simu mfukoni na kumwambia mwenye kazi, "Mzigo wako tayari, njoo uchukue." Basi. Hakuuliza habari za nyumbani wala za mvua, na mteja akianza kushukuru alikuta simu imeshakatwa. Nusu ya Sumbawanga ilimjua kwa maneno hayo. Vijana wa bodaboda walioegesha jirani na karakana yake walikuwa wakimwigiza, wakikunja uso na kukaza sauti kama yeye.

Aliyemwigiza vizuri kuliko wote alikuwa mkewe. Coleta alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mpishi wa pombe ya ulezi ambayo watu walitoka Mazwi kuifuata kwa miguu. Mchana alipomletea mumewe chakula, aliketi juu ya pipa moja lililokuwa mlangoni mwa karakana, akaweka kiganja sikioni kama simu na kusema kwa sauti nzito, "Mama Angela, mzigo wako tayari, njoo uchukue." Kisha akacheka peke yake, maana Baltazari kucheka hakukumjia upesi.

"Mimi nitapigiwa lini hiyo simu, baba Angela?"

"Wako unakuja," alijibu Baltazari, mdomo umejaa ugali.

Na huo mzigo wake ndio alioukalia. Pipa lile la mlangoni liliwekwa kando kwa ajili yake, litengenezwe wateja wakipungua. Wateja hawakupungua, na pipa likageuka kigoda.

Hadithi ya mapipa ilianzia kwa bwana Isakwisa, mfanyabiashara kutoka Mbeya aliyehamia Sumbawanga na familia yake. Siku moja alisimamisha lori mbele ya karakana na kushusha kegi, yale mapipa mafupi manene ya bia, ya chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wanakiita stenlesi. Alizinunua ng'ambo ya mpaka pale Kasesya, katika hoteli iliyofungwa ikawa inauza vyombo vyake. Alitaka mkewe Tusekile azitumie kupikia pombe. Baltazari, ambaye hadi siku hiyo alikuwa fundi wa mageti na madirisha kama mafundi wengine wote, alizizunguka zile kegi, akazigonga kwa kidole, akazisikiliza, akasema ziachwe.

Kwanza alitoa hewa iliyobaki ndani, kwa sababu kegi iliyoshiba hewa ukiikata inaweza kukutoa roho. Akaondoa kifuniko cha juu kwa grenda, mashine ya kukatia chuma. Akatoboa ubavuni karibu na kitako, akachomelea koki. Ndani akalaza bati lililojaa vitundu liwe chujio, na chini akaiwekea miguu mitatu ili moto upate nafasi. Kitu kidogo tu, lakini mpishi wa pombe aliyeshinda maisha yake akiinua masufuria ya uji wa moto kutoka mekoni, akifungua koki na kuona uji unashuka wenyewe kwenye ndoo, anaweza kukaa chini akalia. Tusekile hakulia, alipiga vigelegele. Baada ya hapo wapishi walikuja mpaka kutoka Mwazye, kegi zikiwa zimefungwa kwenye pikipiki kwa kamba za mpira.

Kila aliyekuja kuchukua alipewa onyo lilelile, na hapo ndipo Baltazari alipokuwa msemaji. "Sugua. Kila ukimaliza kupika, sugua mpaka ing'ae. Pombe ya leo inaharibiwa na uchafu wa jana." Yeye mwenyewe hakuachia kegi itoke mkononi mwake na alama nyeusi ya moto pale alipochomelea. Alipiga brashi ya waya, akapiga msasa, akapiga stilwaya, mpaka mtu akiinama anaona uso wake. Mwenye kuharakisha aliambiwa aende akanywe chai.

Coleta alisikia onyo hilo mara nyingi, na mara nyingi alitabasamu. Mtungi wake wa kuchachushia pombe alipewa na bibi yake huko Mwazye siku alipoolewa, akaupakata njia nzima ndani ya lori la mahindi. Ulikuwa wa udongo, nje mweusi kwa moshi, ndani una tabaka la rangi ya kahawia lililoganda kama gome. Haukuwahi kuonja sabuni. Akishamaliza pombe, Coleta aliusuuza kwa maji ya uvuguvugu, akaufudikiza kichanjani na kuufunika kitenge. Baltazari aliyaona hayo miaka yote ya ndoa yao na hakuuliza. Mambo ya pombe, kwao, mwanamume huingia ikishaiva.

"Mimi nitengenezee ya kuchemshia tu," Coleta alikuwa akimwambia. "Ya kuchachushia ninayo."

"Wako unakuja."

Sitaki kumtetea. Alimpenda mkewe, hilo halina ubishi, lakini alikuwa na ugonjwa wa mafundi wengi: mtu wa mbali akimsifia, yuko tayari kuacha kula, na wa nyumbani ataelewa tu. Coleta alielewa. Aliendelea kuinua masufuria, na jioni alijinyoosha mgongo ukutani akisema mama yake alikuwa hivyohivyo.

Mwezi wa tano, baridi ilipoanza kuuma, Coleta alianza kukosa pumzi. Hospitalini daktari alisema moyo umetanuka, na kwamba huenda ulianza siku nyingi. Baltazari aliuliza swali moja tu: ni kwa sababu ya kuinua vitu vizito? Daktari alisema si lazima iwe hivyo. Baltazari hakumwamini. Alikaa kando ya kitanda akiwa ameshika mkono wa mkewe, na maneno yote aliyotaka kumwambia yalimjaa kifuani yakakwama hapo. Coleta alimtazama, akajaribu mzaha wake wa siku zote. Aliinua kiganja kukipeleka sikioni, kikafika nusu kikaanguka. Alfajiri alikufa, na Baltazari alikuwa hajasema hata neno moja.

Walimzika Mwazye. Waombolezaji walipotawanyika, alibaki Jovina, dada mkubwa wa marehemu, mjane mkavu wa mwili, mwenye macho yanayoona mbali. Jovina alikuwa ameokoka zamani, pombe hanywi wala hapiki, lakini ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo na alijua la kufanya.

"Shemeji," alimwambia Baltazari, "siku ya kuanua tanga unajua kinachotakiwa."

Alijua. Katika ukoo wa akina Coleta, mke akifa, pombe ya kumalizia msiba hupikwa kwa ulezi wake mwenyewe na kuchachushwa ndani ya mtungi wake mwenyewe. Mume ndiye hupewa kata ya kwanza. Anakunywa, kisha anamwambia marehemu kwa sauti, mbele ya watu wote, "Nimekunywa pombe yako, nenda salama." Ndiyo kwaheri yao. Baada ya hapo mtungi unakuwa wa binti.

"Ulezi upo," aliendelea Jovina. "Kimea chake kipo, alikianika mwenyewe kabla hajalala hospitali. Kinatosha kupika mara moja tu, shemeji. Mara moja. Mimi sitainywa, lakini nitasimamia. Mdogo wangu siwezi kumwachia watu baki."

Kwa mtu asiyekuwa na maneno, hiyo ilikuwa faraja kubwa. Desturi ilikuwa imemwekea maneno tayari, kazi yake ilikuwa kuyatamka tu. Kile alichoshindwa hospitalini angekifanya siku ya tanga, ladha ya mikono ya Coleta ikiwa bado iko mdomoni mwake. Aliishikilia siku hiyo. Usiku aliyarudia yale maneno kitandani, taratibu, asije akakosea.

Akarudi mjini, akafunga karakana kwa wateja, akalitoa lile pipa mlangoni.

Alipoliinua aliona jinsi mahali pa kukalia palivyokuwa pamelainika na kung'aa kwa kitenge cha Coleta. Alikaa nalo muda mrefu kabla ya kuwasha grenda. Halafu aliwasha, kwa sababu bila kukata hakuna kegi. Aliikata polepole kuliko kazi yoyote ya mteja, akasawazisha mdomo wake kwa msasa ili usije ukamkwaruza mtu mkono. Koki aliiweka juu kidogo kuliko kawaida, ndoo iingie bila mtu kuinama sana, maana Coleta alikuwa mfupi na mgongo ulimsumbua. Miguu aliipunguza kwa sababu hiyohiyo. Alipomaliza kuchomelea aligundua kwamba amepima kila kitu kwa mtu ambaye hatakuja. Aliacha vilevile.

Akaisugua mpaka ikang'aa. Kisha, kwa kuwa wageni wangekuja, na kwa kuwa alitaka kila chombo cha Coleta siku hiyo kiwe na heshima yake, akaenda nyumbani kuuangalia mtungi.

Aliufunua kitenge, akachungulia ndani. Lile tabaka la kahawia lilimtia aibu. Aliona kama amempuuza marehemu mara ya pili, hata chombo chake kimebaki na uchafu ndani. Alichemsha maji, akamimina sabuni ya unga, akachukua brashi ya waya. Tabaka lilikuwa gumu, likambishia. Alilikwangua kwa mikono yote miwili, kichwa karibu kiingie ndani ya mtungi, na alipokuwa akikwangua alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akasikia unafuu. Alisuuza kwa maji yanayochemka, akarudia tena. Mwisho udongo wa ndani ulitokea, mwekundu, msafi, kama umetoka tanuruni jana. Aliuanika juani huku akiridhika na kazi yake.

Angela, binti yao pekee, alikuja kutoka Kasesya alikoolewa. Jovina naye akaja. Walipika uani, Jovina akielekeza na Angela akikoroga, na kegi ilifanya kazi mpaka majirani wakaja kuitazama. Koki ilipofunguliwa uji ulishuka laini, hakuna aliyeinua kitu wala aliyeungua.

"Mama angeifurahia sana hii, baba," alisema Angela.

"Ndiyo," alisema Baltazari.

Uji ulipopoa walichanganya kimea, wakaumimina kwenye mtungi, giza likiwa limeshaingia. Wakaufunga kitambaa, wakalala.

Asubuhi Angela alienda kuweka sikio mtungini kama alivyomwona mama yake akifanya. Coleta alikuwa akisema pombe ikianza kuongea unaiacha, usiiingilie. Angela alisikiliza, akahamisha sikio, akasikiliza tena.

"Mama mkubwa, mbona kimya?"

"Baridi hiyo," alisema Baltazari kutoka mlangoni. "Juni hii nani asiyekuwa kimya."

Wakauzungushia magunia, wakausogeza karibu na jiko. Kesho yake ukawa kimya vilevile. Angela alichota kidogo akaonja: togwa. Uji mtamu wa kumpa mtoto. Kwa kawaida wakati huo pombe ya Coleta ilikuwa imeshainua kitambaa chake juu.

Jovina alifungua mtungi, akakinga kiganja juu ya mdomo wa mtungi kusikia joto. Kisha akapitisha kidole kwenye ukuta wa ndani, juu ya pombe, akakitazama kile kidole. Hakikuwa na kitu.

"Nani aliuosha?"

Angela alimtazama baba yake. Baltazari alisimama wima, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mimi, shemeji. Ulikuwa mchafu."

"Uliuosha kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni. Na brashi."

Jovina hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Aliketi kwenye jiwe la kunolea visu, akaifunga vizuri kanga yake, ndipo akamweleza taratibu. Lile gome la ndani ndilo lililokuwa chachu. Coleta hakuwahi kutia chachu nyingine. Alimimina tu, na mtungi wenyewe uliichachusha pombe, kwa chachu iliyokuwa humo tangu kwa bibi yao, na kwa mama wa bibi yao kabla yake. Ndiyo sababu pombe yake haikufanana na ya mtu mwingine pale mjini.

"Hakuniambia," alisema Baltazari.

"Angekuambia ya nini? Nani alifikiri utaingia jikoni?"

Baltazari alitafuta pa kushika. "Basi wewe, shemeji. Si mlipewa wote? Wako uko wapi?"

Hapo Jovina aliinamisha uso. "Wangu niliupasua mwenyewe nilipookoka. Mbele ya kanisa zima, watu wakapiga makofi. Kwa hiyo mimi siwezi kukusema, shemeji. Ulikuwa umebaki huu mmoja."

Kimea kilikuwa kimekwisha, watu wa Mwazye walikuwa wameshaalikwa, na lawama haikuwa na mahali pa kukaa. Angela, ambaye amechukua akili ya mama yake, alifunga kitenge vizuri akatoka kwenda kwa Tusekile, mke wa Isakwisa. Alirudi na kindoo cha machicha ya pombe yenye chachu.

"Inatoka kwetu Tukuyu, nilikuja nayo," Tusekile alikuwa amemwambia. "Ni nzuri, mwanangu, haijawahi kuniangusha. Lakini siyo ya mama yako. Nisikudanganye."

Wakaitia. Jioni mtungi ulianza kuongea.

Siku ya tanga uani palijaa watu. Jua lilikuwa kali na upepo baridi, hali ya Ufipa ya mwezi huo, watu wakifuata jua ukutani na blanketi mabegani. Pombe ilitolewa na waliokaa karibu waliisifia kwa harufu tu. Kegi ilikuwa imewekwa kando ya mlango, na wageni kila mmoja alipita akaigusa koki.

Jovina alichota kata ya kwanza, akaishika kwa mikono miwili bila kuilaza, akampelekea Baltazari.

Baltazari alipokea, akanywa.

Ilikuwa pombe nzuri. Ilikuwa na nguvu, na utamu kidogo mwishoni, na mtu yeyote angeomba aongezewe. Aliishika mdomoni akimtafuta Coleta ndani yake. Ulezi ulikuwepo, aliupanda Coleta. Kimea kilikuwepo, alikianika Coleta. Lakini ule uchungu mdogo uliokuwa ukibaki kwenye ncha ya ulimi, ule uliomfanya ajue hata gizani kwamba yuko kwake, haukuwepo. Hautakuwepo tena popote. Alikuwa ameukwangua kwa mikono yake na kuumwaga uani pamoja na maji ya sabuni.

"Sema, shemeji," Jovina alimnong'oneza.

Angela alisogea karibu. Alikuwa ameshaionja, alijua. "Ni ya mama, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Ni ileile. Sema tu."

Alimtazama binti yake aliyekuwa akimdanganya kwa huruma, akatamani amfuate. Maneno aliyokuwa ameyarudia kitandani yote aliyakumbuka. Nimekunywa pombe yako. Alifungua mdomo mara mbili. Hakuweza kumwambia Coleta kitu ambacho si kweli, siku ile ya mwisho ya kumwambia kitu.

Macho yake yaliangukia kegi kando ya mlango, fupi, safi, koki yake juu kidogo kuliko za wengine. Watu walimwona akipapasa mfuko wa shati, pale alipozoea kuweka simu, kisha mkono ukabaki umelala hapo kifuani.

"Coleta," alisema. Sauti ilikuwa ileile nzito ya karakanani, na vijana wa bodaboda waliokuwa nyuma waliinamisha vichwa kabla hajamaliza. "Coleta, mzigo wako tayari."

Alijaribu kumalizia. Kila mtu pale uani aliyajua maneno yanayofuata, na kila mtu alimsubiri. Hayakuja.

Angela aliipokea kata mkononi mwa baba yake. Jovina alimshika bega, akamwongoza taratibu hadi mlangoni. Baltazari alitafuta pa kukaa pale penye kegi, akaweka mkono juu yake, na mkono ukazama ndani, kwa sababu alikuwa ameshaikata.